Baba, Nimewaambia Nani Alikuwa kwenye Usukani

Baba,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti kabla ya kuiandika, na Mama akaniuliza kutoka jikoni nazungumza na nani. Nikamjibu kuwa nasahihisha madaftari. Waona? Hata leo, siku niliyokaa kukueleza ukweli, nimeanza kwa kumdanganya mkeo.

Shule zimefungwa, kwa hivyo niko hapa Mambrui tangu wiki iliyopita, kwenye meza yako ya dirishani. Hukumu ya kesi ya gari ilisomwa juzi mahakamani Malindi. Ami Bakari amekwisha kuwasimulia watu wote, kuanzia msikitini mpaka sokoni, kwa jinsi anavyoiona yeye. Mimi sijamsimulia mtu. Nilitaka kuanza na wewe, na ndilo jambo nisiloliweza tena.

Wacha niieleze siku yenyewe tangu mwanzo, ingawa ulikuwepo. Zaidi ya mwaka mmoja tuliisimulia kwa namna moja, mimi na wewe, mbele ya polisi, mbele ya watu wa bima, mbele ya wakili. Ulipoondoka nikaendelea peke yangu. Nataka niisikie mara moja ikisimuliwa ilivyokuwa.

Tulikuwa tumetoka Mnarani, harusi ya binti wa shangazi. Mama alibaki kumsaidia shangazi kuosha vyombo na kupumzisha miguu. Sisi wawili tulikuwa tukirudi na masufuria sita makubwa ya pilau, yale ya kikundi cha kina mama wa Mambrui, ambayo Bi Mwanasiti alituazima na akatuapisha tusiyarudishe na masizi. Tulipoupita mji wa Kilifi ukaliweka gari kando, ukashuka, ukaja upande wangu.

"Zuhu, shika wewe. Barabara ni nyeupe leo."

Nikakukumbusha kwamba leseni yangu ya kujifunzia ilikuwa imepitwa na muda, wiki mbili nzima. Ukanipungia mkono. "Karatasi tutaitengeneza Jumatatu." Ukapiga magoti kwenye mchanga wa kando ya barabara, na kanzu yako ya harusi, ukakivuta kiti cha dereva mbele mpaka mwisho ili miguu yangu ifike. Ulinicheka kidogo. Ulisema nimerithi kila kitu cha Mama isipokuwa subira.

Nilikuwa naendesha vizuri, Baba. Hilo nataka uliseme hata kama hakuna anayesikia. Ulikuwa ukinifundisha kwa vidole, hukuwahi kunipigia kelele: ukigonga goti lako mara moja napunguza mwendo, ukigonga mara mbili nakwenda. Ulitumia miaka thelathini kuwapeleka wageni wa hoteli kutoka Watamu mpaka uwanja wa ndege, na nadhani ukimya ule ulikuwa umekuingia, ule wa mtu anayeendesha huku watu wamelala nyuma. Tulipofika karibu na Matsangoni uligonga mara mbili. Ndipo yule ng'ombe mwekundu akatoka nyuma ya mikorosho.

Nilikata usukani kushoto. Sikumgusa ng'ombe. Gari likaruka bega la barabara na kugonga ukingo wa kalvati kwa pua, na masufuria yakatujia kwa nyuma kama watu wanaogombana. Kifuniko kimoja kilitoka kwa dirisha la nyuma lililovunjika, kikabingirika peke yake katikati ya lami, kikaenda, kikaenda. Nakumbuka nilikitazama kile kifuniko tu. Wewe ulikuwa ukinishika kichwa, uso, mikono, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wengi.

Halafu ukasema: "Shuka. Pitia huku. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Umesikia? Mimi."

Watu walikuwa bado mbali, wanakuja mbio kutoka kwenye vibanda. Tulikuwa na muda wa kutosha kubadilishana nafasi. Dakika moja hivi. Wewe, uliyewahi kurudi mpaka Mombasa kumpelekea mgeni miwani aliyoisahau kitini, ulikwenda kusimama kando ya mlango wa dereva, ukamngoja polisi, ukamwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi.

Sikukupinga. Nilitaka mtu aniambie la kufanya.

Yaliyofuata watu wote wanayajua. Kampuni ya bima ilimleta mpelelezi wake, kijana mpole mwenye kamera, akalipiga picha gari kila upande, na masufuria pia akayapiga picha, moja moja. Miezi minne baadaye ikaja ile barua. Hawatalitengeneza gari wala kulilipia, kwa sababu gari la matumizi ya nyumbani lilikuwa likibeba mizigo ya kukodi. Uliisoma hapa hapa mezani, ukacheka mpaka ukatoa machozi. "Masufuria, Zuhu! Wameyaita bidhaa!" Ukamwita Mama aje asikie. Kisha ukaisoma mara ya pili na hukucheka tena.

Nimefikiria sana siku ile. Walikuita mwongo kwa jambo ambalo hukuwa mwongo, na ukakasirika kama anavyokasirika mtu mwenye haki. Hasira ile ilikuwa ya kweli kabisa. Ndiyo iliyotupeleka kwa Wakili Karisa, ndiyo iliyotufikisha mahakamani, na ilikuwa kubwa kiasi cha kuufunika uongo wetu, hata mimi mwenyewe kuna wakati niliusahau. Nilikuwa nikisimulia "Baba akakata usukani" na nakuona kabisa ukiukata.

Kesi iliahirishwa mara mbili ungali hai. Mara zote mbili ulivaa kanzu na koti na ulifika kabla ya walinzi kufungua lango. Mara ya tatu hukufika.

Ulitutoka asubuhi, umerudi kutoka msikitini, umekaa barazani kuvua viatu. Kiatu kimoja. Mama alidhani umeinama kufungua kamba ya cha pili. Daktari alisema ni presha, alisema ulikuwa nayo siku nyingi na hukumwambia mtu. Nilimuuliza kama ule mshtuko wa mkanda kifuani siku ya ajali ulichangia. Akasema hapana. Nikamuuliza tena siku ya pili, akasema hapana, akaniwekea mkono begani. Sikumuuliza mara ya tatu, kwa sababu niliona hakuna hapana itakayonitosha.

Nikueleze yaliyobadilika. Mama amemaliza eda, na amehamia chumba cha mbele, asema kile chenu kina joto. Hakina joto. Simu yako ninayo mimi, Mama hataki izimwe. Wageni wako wa zamani bado hupiga wakija Malindi, na mimi sijui Kitaliano zaidi ya "pronto" yako ya kupokelea simu. Mwezi wa pili alipiga mama mmoja mzee, akaanza kusema kwa furaha, maneno mengi, na mimi nikatafuta neno la kumwambia sikulipata, nikasema tu "Baba amekufa" kwa Kiswahili. Alielewa. Akaanza kulia, na tukakaa hivyo, mimi na mtu nisiyemjua, kila mmoja akimsikia mwenzake kwenye simu yako.

Nakukumbuka kwa vitu vidogo hivyo. Vile vikubwa navimudu. Lakini juzi nilisikia mtu akikohoa nje ya duka, kikohozi kile chako cha kusafisha koo kabla ya salamu, nikageuka na uso mzima wa furaha. Alikuwa muuza mkaa. Akaniitikia salamu ambayo sikumpa.

Basi, kesi. Kadhi alinipa barua ya kusimamia mirathi yako, na jina langu likawekwa mahali pa lako kwenye faili. Wakili Karisa aliniambia kazi ni nyepesi: tuthibitishe kwamba masufuria hayakuwa ya kukodi, na bima haitakuwa na pa kukimbilia. Hajui lolote, Karisa. Tulimdanganya na yeye, na alikuwa akitutetea kwa moyo wake wote.

Bi Mwanasiti ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi. Natamani ungemwona. Alikuja na buibui jipya na hasira ya zamani. Wakili wa bima, binti wa bara, mstaarabu, sauti yake laini, alimuuliza kikundi chao hukodisha sufuria moja kwa kiasi gani. Bi Mwanasiti akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, kwenu mtu akifiwa, mwamkodisha sufuria?" Mahakama nzima ikacheka, hata karani. "Sufuria zile zaazimwa. Harusi, hitma, aqiqa. Na marehemu huyo mnayemtaja alizirudisha zote sita, na kifuniko kimoja kimepinda, akakipeleka mwenyewe kwa fundi kikanyoshwa." Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika kwa muda mrefu. Karisa akanigeukia akatabasamu. Tulikuwa tumeshinda, Baba. Pale pale tulikuwa tumeshinda kwa jambo walilokuonea.

Kisha nikaitwa mimi.

Nilishika Msahafu, nikaapa. Karisa akaniuliza maswali yake, nikayajibu yote, na yote yalikuwa ya kweli kwa sababu yote yalihusu masufuria. Halafu akasimama yule binti wa bima. Alinipa picha, mojawapo ya zile za mpelelezi. Ilikuwa ya ndani ya gari, mlango wa dereva uko wazi.

"Mwalimu, marehemu babako alikuwa mtu wa kimo gani?"

"Alikuwa mrefu," nikasema.

"Mrefu sana?"

"Alikuwa akiinama kuingia mlango wa nyumba yetu."

"Kitazame kiti cha dereva. Kimevutwa mbele mpaka mwisho. Mtu mrefu namna hiyo angekaaje hapa aendeshe?"

Karisa alikuwa ameniandalia jibu la swali hilo, kwa nia njema kabisa. Magari yakigonga, viti husogea. Nilitakiwa kusema maneno manne tu: kiti kilisogea kwa kishindo. Nilikuwa nimeyakariri tangu nyumbani. Nilikuwa nayo mdomoni.

Lakini kiti hakikusogea, Baba. Ulikivuta wewe. Niliitazama ile picha nikakuona umepiga magoti mchangani na kanzu yako nyeupe, unanicheka, unanipimia miguu. Mara ya mwisho mtu kunipimia kitu kama mtoto. Na nikaona kwamba nikisema kiti kilisogea chenyewe, nitakuwa nimekuondoa pale. Nitashinda kesi na wewe hutakuwa umepiga magoti. Nilikuwa nimebakiwa na vitu vichache vyako, na kile kilikuwa kimoja.

Niliendelea kuishika ile picha mpaka hakimu akainua macho. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliniambia taratibu, "Shahidi, si lazima ujibu swali ambalo jibu lake laweza kukutia hatiani. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nikasema nataka kujibu.

"Kiti kilivutwa kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani."

Kalamu ya Karisa ilianguka, akaiacha chini. Yule binti wa bima naye hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Aliniuliza kuhusu leseni, nikamwambia. Aliniuliza kwa nini marehemu alisema ni yeye. Nikasema, "Kwa sababu alikuwa babangu." Akasema hana swali jingine, akakaa.

Ami Bakari alinisubiri nje, chini ya lile paa la mabati wanapokaa watu wa kesi. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema, "Ndugu yangu alikufa na jina safi. Wewe umekwenda kumfukua." Kisha akapanda pikipiki akaenda zake. Tangu siku ile nikimpa shikamoo haniitikii. Hupita tu, kama aliyepita karibu na mti. Watu wa msikitini, asema, sasa wanakumbuka kwamba mzee wao aliyekuwa akipanga safu alimwambia polisi uongo. Sijui kama ni kweli wanasema. Yeye anasema wanasema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anachagua mchele barazani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na mkoba bado begani. Hakuacha kuchagua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Si mimi niliyewakanda mafuta? Wewe alama ya mkanda ilikuwa bega la kulia. Yeye la kushoto. Dereva hukaa kulia."

Muda wote ule alijua, na hakumuuliza yeyote kati yetu. Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza kama nimekosea, akasema hilo si swali lake. Nikamuuliza basi wewe, Baba, ungefanya nini, siku ambayo Msahafu ungewekwa mbele yako na picha ile mkononi. Nilitaka aniambie kwamba ungesema kweli, Baba. Nilimwomba kwa macho aniambie. Mama si mtu wa kumpa mtu kitu kwa sababu anakitaka. "Sijui, mwanangu. Babako alikuwa mkweli, na alikuwa anakupenda. Sijui kipi kingetangulia."

Nami sijui. Hilo ndilo linaloniamsha, ndilo linalonikaa darasani nikiwa naandika ubaoni. Wote wanaonieleza ungefanya nini wananieleza mambo yao wenyewe. Ami asema ungekufa kabla ya kubadilisha neno. Bi Mwanasiti asema ungesema kweli siku ya kwanza kama ungeulizwa vizuri. Mtu mmoja tu angenijibu, na nimemwandikia barua.

Hukumu ilikuwa fupi. Hakimu alisema bima ilikosea kuhusu masufuria, kwamba marehemu hakuwa akifanya biashara yoyote na gari lake, na kwamba shutuma ile haikustahili kutolewa. Aliisoma sehemu hiyo polepole, na nilihisi kama ananisomea mimi. Kisha akasema dai lenyewe lilisimama juu ya maelezo yasiyo ya kweli kuhusu dereva, na halina budi kuanguka. Akalitupilia mbali, kila upande ukabeba gharama zake. Kuhusu mimi hakusema kitu zaidi ya kwamba shahidi alijua angeweza kunyamaza. Karisa amenisamehe, nadhani. Alinishika mkono akasema wakati mwingine nimwambie yeye kwanza kabla ya kumwambia hakimu.

Gari nimemwachia Fundi Kazungu. Halitengenezeki, fremu imepinda, lakini injini ilikuwa nzima na imekwenda kwenye gari la mtu wa Marafa. Nilikwenda kuchukua vitu vyako kabla hajaanza kulifungua. Mto wa mgongo alioshona Mama, kitana, chupa ya maji, na risiti za petroli ulizozikunja mara nne kama ilivyo kawaida yako. Niliketi kitini kidogo. Kazungu akajifanya anatafuta spana mbali na pale.

Na leseni ninayo sasa. Nilifanya mtihani mwezi uliopita. Mtahini aliketi kushoto na ubao wake, akaandika, hakusema neno mpaka mwisho. Nilipofika kwenye mzunguko nilijikuta nalitazama goti lake.

Hii barua imekuwa ndefu na Mama amekwisha kuniita mara mbili kula. Nikuahidi mambo haya. Sikukuu ikifika nitakwenda kwa Ami Bakari, nitampa shikamoo mlangoni, na asipoitikia nitarudi Sikukuu nyingine, na nyingine. Ni nduguyo, na uso wake ndio ulio karibu zaidi na wako. Mama hatalala peke yake hapa; nimeomba uhamisho nije kufundisha Mambrui, na wakikataa nitaomba tena. Na yeyote atakayeniuliza kuhusu siku ile, akiwa polisi, akiwa jirani, akiwa mtoto wangu siku moja, nitamsimulia ilivyokuwa, pamoja na kwamba ulinishika uso kwanza, kabla ya kuwaza jambo lolote jingine.

Sijui kama umenikasirikia. Ulipokuwa hai ulikuwa ukinikasirikia siku moja tu, ya pili unaniita tunywe chai. Siku zimekwisha kuwa nyingi na sijaitwa.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Baba, pasipo na kelele. Mimi uongo wako nimeusamehe, maana uliusema kunikinga. Na wewe niwie radhi ukweli wangu.

Mwanao,
Zuhura